Unga Bila Nyungu

Leo asubuhi, ku mulango ya kanisa, mama moja wa komite alishika mukono ya mutoto wangu. Mutoto alikuwa anapatia franga yake mama muzee mwenye kulalaka ku gare ya treni. «Tia mu kasanduku ya masikini,» mama wa komite anamuambia, «komite itamusaidia. Huyu atakunywa pombe.» Damu ikanipanda!

Rafiki yangu, mie ile kasanduku naijua tangu zamani.

Nilikuwa kadogo, tunakaa ku mitaa ya cité na kambo, mama ya mama yangu. Kambo alikuwaka anauzisha bukari, ugali na mboga yake, ku soko. Mie nawasha makala, natwanga sombe, majani ya muhogo; mpaka leo nikisikia kinu, njaa inanishika. Ku baraza pale karibu kulikuwa kunalala muzee wa mguu moja. Mguu ingine ilibaki mu mashimo ya shaba. Kazi ikaisha, na nyumba ya kambi ya kampani ikaisha pamoja nayo.

Ile mwaka mon père, padri wetu, alikataza kupa masikini franga mu mukono. Zote mu kasanduku. Basi siku moja komite ikaletea muzee unga. Unga! Muntu hana nyungu ya kupikia, hana makala. Mvua ikanyesha, unga ikamukaukia ku suruali.

«Tata, leo unajipikia?» kambo anauliza.

«Iko tayari, mama. Inabakia sombe tu.»

Kambo hakucheka. Akafungua fundo ya kitambaa yake, akatoa franga, akamupatia na mikono mbili, mbele ya komite yote.

«Ataenda kuikunywa!» mama mukubwa wa komite analalamika.

«Bwana yako anakunywaka kila posho ya kazi ikitoka. Nani anawekaka franga yake mu kasanduku?»

Soko yote ikapasuka na kicheko. Kambo akageukia muzee: «Sasa weko kiliya, muntu wa kununua. Unataka nini?»

Muzee akaangalia nyungu moja, akaangalia ingine. Akataka samaki. Akaonja, akakunja uso: «Mama, chumvi iko kiloko, haitoshi.»

Sijaona tena kambo akifurahi vile. Akamuongezea chumvi, na kipande ya samaki ya bure, matabishi ya kiliya.

Ile baraza bameibomoa, na kambo tumemuzika. Kasanduku njo imebaki.

Lakini leo nilitoa mukono ya ule mama wa komite ku mukono ya mutoto wangu. Mama muzee akapokea franga yake, akaenda kwa muuza mikate, akageuza moja, akageuza ingine.

«Hii imeungua,» anasema. «Nipe ile.»