Mbwa Niliyemfundisha Kukaa

Miaka ile baada ya Mapinduzi, watu wa Mlandege, mtaani kwetu mjini Unguja, walijua kwamba mimi nachunga ng'ombe wa maziwa shamba, Chukwani. Niliwaambia hivyo mwenyewe, na nikiulizwa habari za maziwa nilikuwa na majibu tayari. Ng'ombe sikuwa naye hata mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuwaweka mbwa wa watu na kuwatia adabu.

Niliijua kwa bwana mmoja Mwingereza niliyemtumikia nyumbani kwake. Yeye aliondoka, wakaja wageni wengine, madaktari na wahandisi, nao wana mbwa wao. Wakienda likizo waliniletea wakae kwangu, katika banda la makuti nililolijenga shambani, na wakirudi wawakute wamefunzika. Sikuwa na ujuzi mwingine duniani, na huo mmoja niliuonea haya.

Kila siku kabla ya kupanda baiskeli kurudi mjini nilijitahirisha najisi ya mbwa: mara saba kwa maji, moja katika hizo kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni, kwenye Kurani. Kwa sheria nilikuwa safi. Lakini mimi niliogopa midomo ya watu kuliko najisi, na midomo haioshwi kwa udongo. Tena nilikuwa nimepeleka posa. Baba yake binti amekwisha kufa, mambo yote yapo kwa ami yake, mtu wa msikitini, asiyekosa safu ya mbele. Nikijiambia: akijua huyu, basi nimekwisha.

Wakati huo huo daktari mmoja mwanamke, mgeni, aliniletea mbwa wake wa rangi ya kahawia. Alikuwa akiwarukia wagonjwa mlangoni na alishakula kuku wa jirani mara mbili.

"Nakwenda kwetu wiki sita," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Nikirudi, kama bado hivi, mimi siwezi kukaa naye."

Nilimpenda yule mbwa, na leo naweza kusema. Nilimfundisha kwa kamba ndefu na vipande vya ng'onda, samaki mkavu. Nikishusha kiganja cha mkono, akae. Narudi nyuma hatua moja, kisha tano, kisha najificha nyuma ya banda. Akiinuka namrudisha pale pale, simpigi. Mwezi haujatimia nilikuwa namkalisha, nakwenda kutia udhu, nasali adhuhuri yangu yote, nikitoa salamu namkuta hajajongea. Haondoki mpaka nimwite: "Njoo!" Nikiona fahari peke yangu, maana hakuna wa kumsimulia.

Alasiri moja nilimkosha, nikamvua ukanda wake wa shingoni nikauanika, nikaondoka. Mlango wa banda sikuufunga sawasawa. Nilikuwa na haraka, kwa sababu siku ile ndiyo siku ya jawabu.

Tulitoka kusali, ami akanikalisha barazani kwake, kahawa mkononi.

"Mwanangu," akaanza, "nshazungumza na mama yake binti..."

Hapo nikamwona. Anakuja katikati ya watu, ulimi nje, kanifuata njia yote kutoka Chukwani. Wanawake wakakusanya mabuibui yao, mtu akapiga kelele. Mbwa kaniona, mkia unakwenda. Hatua chache tu angenirukia kanzu.

Nikashusha kiganja, chini chini, pembeni ya goti. Akakaa. Katikati ya njia, akakaa, akinitazama.

"Mbwa wa nani huyu?" ami akauliza.

"Simjui, ami."

Majuma yale walikuwa wakipita watu wa kukamata mbwa wasio na wenyewe, na bunduki yao na kitanzi cha waya kwenye mti mrefu. Mbwa wa mitaani wakiwaona tu hutimua mbio. Huyu wangu hakutimua. Walikuja kwa ukelele ule ule uliompokea, wakamkuta kakaa.

"Ana mwenyewe huyu?" mmoja akauliza, akitugeukia sote. "Mbona katulia hivi? Semeni, kama anaye tumwache."

Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na mdomo ninao. Ami alikuwa karibu nami, bega kwa bega. Nikanywa kahawa. Nakumbuka kwamba niliinywa, na kwamba ilikuwa na tangawizi.

Wakamtia kitanzi. Hakubweka wala hakuuma. Walipomvuta alipiga hatua mbili, akakaa tena. Wakamvuta, akakaa tena, huku kanikazia macho mimi, mpaka wakampindisha kona kwa nguvu. Watu walicheka. Baadaye kidogo tukasikia mlio wa bunduki upande wa pwani.

Ami alitikisa kichwa. "Sikupenda," akasema. "Kiumbe wa Mungu. Angekuwa na mwenyewe wangemwachia. Babu yangu shamba alikuwa na mbwa wawili wa kulindia, akijitahirisha kisha anatusalisha sote. Hakuna aliyemsema." Akaweka kikombe chini. "Haya, tulikuwa wapi? Jawabu letu ni ndiyo, mwanangu."

Nikamshukuru, nikambusu mkono.

Daktari alirudi baada ya wiki zake sita. Alikuja shambani mwenyewe, na mkononi ana ukanda mpya wa shingoni aliomnunulia kwao. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno, kama nilivyokuwa nikitayarisha yale ya maziwa.

"Alitoroka, Bi Daktari," nikamwambia. "Wiki ya kwanza tu. Nimemtafuta kila mahali." Ningeishia hapo labda ningeweza kujisamehe. Lakini nilimwona ananitazama, nikaogopa atadhani sikuijua kazi yangu, nikaongeza: "Alikuwa mkaidi. Ukimwambia kaa, anakimbia. Hakushika hata neno moja."

Machozi yalimlengalenga. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole sana," akasema. "Mimi nilijua mbwa wangu mbaya, na nimekupa wewe. Nisamehe."

Nikamwambia si kitu, nimemsamehe.