Wanaokaa Pamoja na Wanaokula Pamoja

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa kiti, simu na onyo. Ofisi ilikuwa Wheaton, mji mdogo huku Marekani, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka kituo cha treni. Mkuu wa kitengo cha ukalimani alikuwa mama wa Kimarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu, na alikisema kama mtu anayesoma kitabu. "Bi Zuhura," aliniambia, "hapa mwombaji anasema, nawe unasema. Huongezi, hupunguzi, wala huweki huruma yako katikati."

Kazi yenyewe ilikuwa kuwasemea waombaji wa msaada wa chakula wa serikali mbele ya maofisa. Wewe unayeingia kazi hii leo, ujue Oktoba kwanza. Kila mwaka serikali hutazama bei za vyakula, na Oktoba ikiingia hubadilisha kiasi kinachowekwa kwenye kadi ya msaada. Hubadilisha pia kikomo cha kipato, yaani mapato ambayo familia ikiyapita hata kwa kidogo inatolewa. Barua zikishatoka, simu zetu hazipumziki. Nakumbuka mzee mmoja wa Mombasa, mlinzi wa maegesho ya magari. Mwajiri wake alikuwa amemwongeza mshahara kidogo, na kile kidogo kikampitisha kikomo.

"Sasa niende nikamwombe bosi anipunguze?" aliniuliza.

Sikuwa na ruhusa ya kumjibu. Nikalitafsiri swali lake kama lilivyo. Ofisa akainua mabega, akamwita anayefuata.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa ofisi ya mji wa Laurel. Msimamizi wa huko alipenda mambo ya haraka, akipima mahojiano yetu kwa dakika. "Maswali mafupi, majibu mafupi," ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi. Sasa, fomu zetu zilikuwa na neno "kaya". Katika sheria za msaada huu, kaya si wote wanaolala chini ya paa moja. Kwa kawaida ni wale wanaonunua na kupika chakula chao pamoja. Wakongomani wengi hawakulielewa neno lile, na hata watu wa kwetu Unguja walikuwa wakisita. Kulieleza kulikula muda, na msimamizi alikuwa akichungulia mlangoni. Basi nikaacha kulieleza. Nikawa nauliza tu, "Nyumbani mnakaa wangapi?" Hakuna aliyenikanya.

Oktoba moja vikomo vilipanda kidogo, na siku hizo akaja Mama Furaha kuhakikiwa, kama kila anayepokea msaada anavyohakikiwa kila baada ya muda. Alikuwa mjane kutoka Kongo, msafishaji wa hoteli, akilea watoto watatu na mama yake mzazi. Nilijua kipato chake hakifiki kikomo. Nilimkaribisha kwa furaha.

"Nyumbani mnakaa wangapi?" nikamwuliza.

"Tuko batu sita, mama. Na shemeji yangu iko mule. Ye anatumika, anaendesha teksi."

Kwa Kiswahili cha Kongo, kutumika ni kufanya kazi. Hilo nililijua, na nilijivunia kulijua. Nikamwambia ofisa: watu sita, shemeji ana kazi. Ofisa akaagiza hati za mapato ya shemeji, na Mama Furaha, mtu mtiifu, akazileta. Zikaingizwa kwenye kompyuta, familia ikapita kikomo, msaada ukasimamishwa. Hakukata rufaa. Aliamini serikali imeshahesabu.

Baridi ilipokuwa kali nilikutana naye dukani. Mkononi alikuwa na mkate na mfuko wa unga, basi. Nikamwuliza hali ya mama yake.

"Iko hospitali," alisema.

Bibi yule alikuwa mgonjwa wa sukari. Tangu msaada usimame alikuwa akiwaachia wajukuu sahani yake, akidai ameshiba, na sindano yake ya kushusha sukari akijichoma vilevile. Asubuhi moja walimkuta sakafuni, hasemi.

"Na shemeji hakuwasaidia chakula?"

Alinitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. "Ye anapikaka yake, mama. Iko na sufuria yake, iko na kabati yake. Hatukulaka na ye hata siku moja."

Kwa sheria, kaya yake ilikuwa watu watano, na mapato ya dereva hayakuwahusu kabisa.

Kesho yake niliingia kwa msimamizi. "Swali nililomwuliza Mama Furaha silo. Nataka kuliandikia taarifa," nilimwambia. Akafunga mlango.

"Ukiandika hivyo, hutakaa tena chumba cha mahojiano. Mwache akate rufaa mwenyewe."

"Ataikataje, bwana, na hajui kosa liko wapi?"

"Umebakiza muda mfupi ustaafu, Bi Zuhura."

Niliandika. Majuma yakapita, na katikati ya kungoja, bibi akafariki. Barua ya kurudishiwa msaada ilipofika, ilihesabu watu wanne. Ilikuwa sahihi.

Nilikwenda nyumbani kwa Mama Furaha kumweleza kwamba kosa lilikuwa langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imelala mapajani.

"Ungeniuliza tunakula na nani," alisema, "ningekuambia."

Nilimalizia utumishi wangu katika chumba cha kutafsiri barua, peke yangu na kamusi. Nimejaribu kumtupia lawama msimamizi na dakika zake, na ofisa pia. Lakini swali lile lilitoka kinywani mwangu, kwa lugha niliyozaliwa nayo.

Tangu nistaafu nimemwona Mama Furaha mara moja, kituo cha treni cha Laurel. Alinipa mkono, akaniuliza afya yangu na ya wanangu. Nikamwuliza kama uhakiki wake wa safari hii ulikwenda salama.

"Ulikwenda muzuri," alisema. "Nilienda na Furaha, sasa iko mukubwa, akanisemea. Walinipa mukalimani, nikakatala."

Treni ikafika, akapanda.