Springi Iliyochomoka Mbele ya Baba Mkwe

Nilitaka gari langu likae chini kama magari ya vijana wa mtaa wa Skuta, nikafunga mwenyewe springi fupi nyuma. Shokomzoba fupi za kwenda nazo, zinazozuia gurudumu lisishuke hadi springi ilegee, sikuona haja ya kununua. Nikaacha zile ndefu za zamani.

Jumapili nikampeleka baba mkwe kanisani Endarasha. Gari likawa linagonga, kong! kong!

"Hiyo ni nini?"

"Ni barabara tu, baba," nikajibu, nikijifanya fundi.

Kwenye tuta la kanisani gurudumu la nyuma likaning'inia, springi ikachomoka, ikabingirika hadi miguuni pa waumini. Afadhali tulikuwa tunatambaa. Nilipoona mzee ni mzima, nikapumua.

Akashuka, akaiokota, akaiinua juu watu wote waione.

"Kijana, hii imetoka kwa gari ama kwa kitanda?"