Kesi Yangu ya Kuku

Wajukuu wangu wakila kuku huniachia shingo, wakidhani bibi anapenda shingo. Siipendi. Napenda paja, na paja liliwahi kunifikisha mbele ya chifu.

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, mwanamke wa kwetu Sikuda, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, alikatazwa kuku na yai. Kuku alimlea yeye, akamkimbiza, akamnyonyoa, akampika, kisha akawapelekea wanaume sahani na kurudi jikoni kula mboga. Mume wangu aliona ni upuuzi. Alikuwa akificha paja au firigisi chini ya ugali uliobaki, nami nikila jikoni. Hatukumwambia mtu.

Alipofariki na matanga kwisha, mdogo wake alikuja akatundika koti lake ukutani mwangu. Kwa desturi, koti likilala humo usiku mmoja, mjane amerithiwa. Nililikunja vizuri nikamrudishia kabla jua halijazama. Akasema basi nirudi kwa baba yangu, shamba ni la ukoo. Nilikuwa na mabinti watatu na mihogo ambayo haijakomaa. Niende wapi? Nikamshitaki kwenye baraza la gombolola, yaani kata yetu.

Chifu alikuwa Mteso, sisi Wasamia, kwa hiyo kesi ilikwenda kwa Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa namna yake. Wanaume waliketi kwenye viti. Mimi niliambiwa nipige magoti. Nikapiga, magoti wakati ule yalikuwa mazima.

Shemeji aliongea sana. Alisema nimevunja mwiko, nakula kuku, ndiyo maana kaka yake amekufa. Chifu akaniangalia.

"Mama, wewe nakula kuku?"

"Nakula, mzee. Mwaka wa tisa huu."

"Nani nakupa?"

"Marehemu mwenyewe."

Wazee wakakohoa. Shemeji angenyamaza hapo angeshinda, maana nilikuwa nimekiri kila kitu. Lakini alitaka kuleta ushahidi. Akaanza: Krismasi fulani kuku alikuja bila firigisi. Ubatizo wa binti wa pili, paja lilikuwa moja. Siku aliyotuletea samaki wa ziwani Majanji, bawa la kuku halikuonekana. Alikumbuka kuku wote wa miaka tisa, mmoja mmoja, na huyu ndiye aliyesahau njia ya kwetu wakati kaka yake anaumwa.

Sasa, kwetu mgeni hahesabu nyama ya mwenyeji. Ni aibu kubwa kuliko mwanamke kula paja. Mzee mmoja aliweka fimbo yake chini, akamwuliza taratibu, "Kijana, ulikuwa unakwenda kwa kaka yako kula au kukagua?"

Hata watu aliokuja nao wakaanza kuangalia miguu yao.

Chifu akamwambia karani amtafute kuku kwenye kitabu cha sheria. Karani akapekua. Ng'ombe walikuwemo, bangi ilikuwemo, pombe ya waragi ilikuwemo. Kuku hakuwemo. Basi hukumu ikasomwa: nyumba na shamba nikae navyo, mradi nisiolewe tena.

Nilikuwa nimeshaanza kushukuru. Nikainuka.

"Na shemeji akifiwa na mke, mtamwandikia hivyo pia?"

Chifu alicheka, si kwa ubaya. "Hapana, mama. Sheria yetu nafika hapo tu."

Nikatia kidole gumba kwenye wino. Baadaye wanawake wa kanisani tulikwenda ofisi za wilaya Tororo kwa miguu kulalamikia masharti ya namna ile. Tuliambiwa tungoje, na kungoja tulijua.

Wanaume wawili walikuja kuniposa, mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka, mpole, mwenye baiskeli mpya. Wote niliwakatalia. Padre akanisifu mbele ya waumini kwa uaminifu wangu kwa marehemu, wanawake wakanigeukia kwa huruma. Nilitulia kwenye benchi langu, sikumsahihisha padre. Marehemu nilimpenda, ndiyo. Lakini yule wa baiskeli alikuwa mtu mzuri, na nilimkatalia kwa sababu ya shamba.