Spika ya Katikati

Kaka yangu hajawahi kujua kutoa zawadi ndogo. Alikuja likizo ya Krismasi kutoka Dodoma na boksi lililobebwa na watu wawili, na kabla hajanywa hata chai akaanza kutoboa kuta za sebule yetu. Alipomaliza tulikuwa na spika mbili kwenye pembe za mbele, mbili zimening'inia ukutani nyuma ya makochi, moja ndogo ndefu ambayo hakujua aiweke wapi, na chini, kando ya meza ya tivii, sabufa nyeusi kubwa kama debe. Akaiwasha. Vikombe vikacheza kabatini, bati likaitikia, kuku wakakimbia uani. "Mmepata sinema nyumbani," akatuambia. Mwaka mpya ulipopita akarudi Dodoma, sisi tukabaki na sinema yake.

Tangu siku ile hakuna aliyesikia neno katika nyumba ile. Mvua ya kwenye sinema ilinyesha pembe zote za sebule, wakati ya nje tulikuwa tunaiomba. Magari yalipita nyuma ya visogo vyetu. Lakini mtu wa kwenye tivii akifungua mdomo kuongea, maneno yake yalikuja kwa mbali, kama amefunikwa na pipa. Ukiongeza sauti ili uyasikie, kinachoongezeka ni ngurumo. Baba aliuita mtambo huo dubwana, na jina likashika.

Tulikuwa watatu pale kijijini Unyambwa. Mama alikuwa ametangulia zamani. Alikuwapo baba, shangazi, yaani dada mkubwa wa baba aliyerudi kwao kabla mimi sijazaliwa, na mimi mwenyewe, mwalimu wa shule ya msingi ambaye ndoa ilimshinda akarudi kulala katika chumba chake cha usichana. Shangazi aliongea Kinyaturu tu. Kila mtu aliposema jambo kwenye tivii aligeuka, mikono ikiwa kwenye ungo wa karanga, akauliza, "Anasema nini?" Baba akamfasiria. Nimekua nikisikia swali hilo na majibu yake, nikadhani kila nyumba inaishi hivyo.

Kufasiri ndiko kulikomfanya baba kuwa baba. Kanisani kwetu mchungaji huhubiri kwa Kiswahili, na kwa ajili ya akina bibi wa benchi la mbele mtu husimama kando yake, ngazi moja chini, akigeuza kila sentensi kuwa Kinyaturu. Mtu huyo alikuwa baba, tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Wachungaji walikuja wakahamishwa, yeye akabaki. Mahubiri yakiwa makavu aliyatia chumvi, yakiwa marefu aliyakata. Nakwambia kweli, wengi walikuja kumsikiliza yeye. Hakuwa na ng'ombe wengi wala cheo popote, ila Jumapili alikuwa na ile ngazi.

Mwaka huu mvua zilichelewa, na mchungaji akatangaza mfungo. "Fungeni, ndugu zangu," akasema. "Fungeni ninyi na watoto wenu." Baba akainua mkono, akafasiri kwa sauti yake ile nzito: chungeni, ninyi na watoto wenu. Kwa Kinyaturu maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo, kwa hiyo kosa lisingeweza kutoka mdomoni. Lilitoka sikioni. Akina bibi wakatikisa vichwa kukubali, maana kumwambia mtu wa kwetu achunge mifugo si habari mpya. Siku ya maombi ya mvua walikuja wameshiba, na mmoja alikuwa na kipande cha muhogo mkononi. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, nikidhani mzee amefanya utani.

Mchungaji hakucheka kwa muda mrefu. Alinisimamisha mlangoni mwa kanisa watu walipokuwa wanatoka.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, mwalimu. Hivi mzee anasikia vizuri siku hizi?"

"Anasikia."

"Niambie ukweli. Jumapili ya mavuno askofu anakuja, na wazee wa kanisa wameanza kusema. Wanataka asimame kijana mwingine. Mimi nimewaambia wasubiri."

Nilipandwa na hasira, na hasira zangu huwa karibu. Nikamwambia tatizo si mzee, tatizo ni mashine ya kaka yangu, ambayo imetuharibia masikio sote watatu. Hata mimi sisikii tamthilia, je, na mimi ni kiziwi? Akanisikiliza kwa upole. "Basi mpunguzieni hayo makelele," akasema. "Nitakuuliza tena kabla ya mavuno."

Nilikuwa naamini nilichosema. Baba mwenyewe alikuwa akisema hivyo hivyo: dubwana limemjaza ngurumo kichwani, na akitoka hapo kwenda kanisani bado linanguruma naye njiani. Watoto wa jirani walikuwa wameanza kumpita bila kumwamkia, kwa sababu shikamoo zao zilianguka chini bila marahaba, na mama zao walisema mzee ameanza kuringa. Baba kuringa! Niliposikia hivyo nilitaka kwenda kugombana nyumba hadi nyumba. Badala yake nikaamua kugombana na dubwana.

Jumamosi asubuhi, shangazi akiwa uani anapepeta karanga, nilivua viatu nikaanza. Mimi si fundi. Nilichofanya ni kutega sikio kwenye spika moja baada ya nyingine, tivii ikiwa inaongea. Zile za nyuma zilitoa upepo na makofi. Zile za pembeni zilitoa muziki, na sauti za watu kidogo, kwa mbali. Sabufa haikuwa na neno lolote, ilikuwa inatetemesha sakafu tu. Nikabaki najiuliza watu wanaongelea wapi.

Walikuwa wanaongelea juu ya kabati la vyombo. Ile spika ndogo ndefu, ambayo kaka hakujua aiweke wapi, alikuwa ameilaza huko, uso wake ukitazama dari, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeifunika kwa kitambaa cha kufuma na kuiwekea maua ya plastiki juu. Nilipanda kwenye kigoda nikasogeza sikio, na maneno yote yalikuwa pale, chini ya kitambaa changu, yakitoka na kufia kwenye nyuzi. Nilikifuma kitambaa kile nikiwa bado kwa mume wangu, jioni ambazo tulikuwa hatuongei. Nikakivuta kwa hasira hadi ua moja likaanguka.

Baba alikuwa amekaa kwenye kochi lake, mikono magotini, ananitazama.

"Unavunja mali ya kaka yako," akasema.

"Naipunguza, baba!" nikapaza sauti.

Niliteremsha spika za nyuma. Nikachomoa waya wa sabufa, nikaisukumia pembeni na kuigeuzia ukutani kama mwanafunzi mtukutu. Ile ya katikati nikaiweka chini ya tivii, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, ikimtazama baba moja kwa moja. Sakafu ya saruji ilikuwa inarudisha mwangwi, nikatandika mkeka. Nikatafuta kwenye rimoti, ambayo bado ilikuwa ndani ya nailoni yake ya dukani, mahali pa kuzima madoido yote yaliyobaki. Kisha nikamwita shangazi, tukakaa.

Sauti ilikuwa safi mno. Nilisikia mwanamke wa kwenye tamthilia akivuta pumzi kabla ya kuongea. Nilisikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani. Shangazi aliacha karanga. Baba akaegemea mbele, akatikisa kichwa, akasema, "Sasa!" Nami nikajisifu moyoni. Nilishamwona amesimama kwenye ngazi yake kando ya askofu, na akina mama wa jirani wakimeza maneno yao.

Kwenye tamthilia mwanamume aliingia, akavua koti, akakaa bila kusalimia. Mkewe akamuuliza kuna nini. "Mke wangu," akasema, polepole, kila herufi mahali pake, "nimefukuzwa kazi."

Shangazi akageuka. "Anasema nini?"

Baba alijiweka sawa. Alitumia sauti ya kanisani, ile ambayo hakuwa ameitumia nyumbani tangu dubwana lije. "Anasema ametukuzwa kazini," akafasiri. "Wamempa heshima kubwa."

Kwenye tivii mke aliziba uso kwa viganja, akaanza kulia.

"Mbona mkewe analia?" shangazi akauliza.

Baba akafikiri kidogo. "Ni furaha," akasema.

Nilicheka. Kicheko kilinitoka kabla sijajua kilikotoka, kisha kikanikauka. Baba alikuwa ameshaniona. Nadhani alikuwa akiishi kwa nyuso zetu muda mrefu, akisoma hapo kile ambacho masikio hayakumletea, na uso wangu siku ile ulimwambia kila kitu.

"Alisema nini?" akaniuliza.

"Si kitu, baba."

"Alisema nini?"

"Amefukuzwa."

"Eh?"

"Fukuzwa, baba." Nikasogea. "Fu. Fu-ku-zwa!" Nilikuwa napiga kelele kama nasomesha imla darasani, na madirisha yalikuwa wazi, na jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ua. Nilijichukia.

Aliitazama ile spika ndogo. "Hiyo ndiyo imewashwa?"

"Ndiyo."

"Sauti iko juu?"

"Iko juu, baba."

"Na dubwana umelizima."

"Nimelizima."

Akaegemea nyuma. Sijawahi kuona mtu akizeeka mbele yangu, lakini siku ile niliona. Kwa miezi yote ile alikuwa na sababu, kubwa, nyeusi, inayonguruma, ambayo kila aliyeingia sebuleni aliiona na kumhurumia. Mimi, kwa mapenzi na ujuaji wangu, nilikuwa nimeigeuzia ukutani. Nikamwambia tutakwenda hospitali ya mkoa wakampime, siku hizi kuna vifaa vya kuvaa sikioni, watu wanapona, nikasema mengi ambayo hakuyasikia.

"Tutakwenda," akasema, akikisia. "Lakini lirudishe lile dubwana."

"Baba, nikilirudisha hata sisi hatusikii."

Sijui kama alilisikia hilo. "Lirudishe," akasema. "Likiwepo nina wa kumlaumu."

Nikalirudisha. Nilichomeka waya, nikapandisha spika ukutani, nikailaza ile ndogo juu ya kabati na kuifunika. Sakafu ikaanza kutetemeka. Watu wa tamthilia wakaenda mbali tena, wakawa wanachezesha midomo. "Anasema nini?" shangazi akauliza kwa kupaza sauti, na baba akamjibu jambo, na mimi sikujua kama ni kweli au si kweli. Sote watatu tulikuwa sawa.

Baadaye nilimkuta shangazi jikoni akikoroga mlenda. Nilitaka kumweleza yaliyotokea, nikaanza kwa Kinyaturu changu cha kuungaunga, kwamba lile neno halikuwa kutukuzwa.

"Najua," akasema bila kugeuka. "Mimi nilifukuzwa kwa Kiswahili. Mume wangu alikuwa mtu wa mjini, hakujua lugha yetu. Neno lile silisahau."

Nilisimama na kifuniko cha sufuria mkononi. Nikamuuliza sasa kwa nini, miaka yote hii, kila siku, anauliza anasema nini.

"Nilirudi hapa sina mtoto wala jembe," akasema. "Baba yako alikuwa bado kijana mdogo. Akaanza kunifasiria kila kitu, redio, barua, matangazo, ili nisijione mjinga. Alifurahi sana kunifasiria. Ningemwambiaje?" Akaonja mlenda, akaongeza chumvi. "Na wewe usimwambie."

Jumatatu niliporudi kutoka shuleni kochi la baba lilikuwa tupu na koti lake la Jumapili halikuwa msumarini. Shangazi hakujua amekwenda wapi. Upepo ulikuwa mkali, ule wa kwetu unaobeba vumbi hadi mezani, nami nilisimama mlangoni nikimtafuta kwa macho. Alirudi jua likiwa bado juu, anatembea katikati ya njia. Watoto wawili walimpita kimya. Yeye ndiye aliyewasalimia.

Aliingia, akavua koti, akakaa bila kusalimia. Dubwana lilikuwa linanguruma. Alichukua rimoti na kulizima yeye mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nyumba ikawa kimya hata nikasikia bati likilia kwa upepo.

"Nimetoka kwa mchungaji," akasema. "Nimekwenda mwenyewe kabla hawajaniita." Akamtazama dada yake, kisha mimi. Akajaribu kutabasamu. "Nimetukuzwa kazi."

Shangazi aliweka ungo chini. Machozi yalimshuka bila sauti, akayafuta kwa pindo la khanga, yakashuka tena.

"Ni furaha," akasema, kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo.

Baba aliona midomo yake ikicheza. Akanigeukia.

"Anasema nini?" akauliza.

Nikainama sikioni kwake, nikamwambia kwa Kinyaturu.