Ng'ombe Wawili kwa Gari Langu Mwenyewe

Siku hizi mtu akiingia sebuleni kwangu, akaliona lile gari kabatini na kuniuliza lina thamani gani, namwambia ni bati. Akiuliza tena namwambia ni bati na chai yake inapoa. Mdomo wangu ulishanitia hasara mara moja. Hasara hiyo nimeihesabu mara mbili na haipungui.

Mimi ni fundi wa rejeta. Nilianza kuziba rejeta za malori hapa Dodoma wakati rejeta ilikuwa rejeta kweli, shaba na brasi, ile shaba ya njano ambayo wauza skrepa wakiiona wanaacha hata kusalimia. Sasa magari yanakuja na rejeta za plastiki na alumini. Ikipasuka unatupa, unanunua nyingine. Mteja ananiwekea plastiki mezani na kusema, "Fundi, nilehemie hapa." Nilehemu nini, ndoo? Hasira yangu na plastiki ni ya siku nyingi, na ndiyo iliyozaa lile gari. Nilikuwa na mikono inayojua kazi moja, na kazi yenyewe ilikuwa inaniaga.

Kwenye simu nikaona gari la mashindano linaloitwa draga. Ni refu na jembamba kama panzi. Nyuma lina matairi kama mapipa, mbele lina vigurudumu vya baiskeli ya mtoto, na dereva anakaa katikati ya mabomba kama kuku ndani ya tenga. Linakimbia kwenye mstari ulionyooka kwa muda wa mtu kupiga chafya tatu, kisha linafungua mwavuli nyuma ili lisimame. Halibebi mzigo, halibebi abiria, halipindi kona. Mke wangu aliitazama ile video mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kazi yake ni kumaliza mafuta," akasema.

Sikubisha. Lakini mimi nilikuwa naangalia chasisi. Ni mabomba matupu, hayana bodi ya kufunika makosa. Kila kiungo kiko wazi, na fundi aliyekilehemu vibaya hana pa kujificha. Nikaamua nitalitengeneza dogo, inchi yangu moja kwa inchi kumi na sita za gari lenyewe, chasisi yote ya brasi, na sitanunua hata kipande kimoja kilichotengenezwa tayari.

Mabomba niliyapata kwenye antena za redio mbovu. Ukiikwangua ile ngozi ya fedha, chini yake kuna brasi, na kwa kuwa vipande vinaingiana unapata unene wa kila aina. Muuzaji alisema ananipa antena kumi na tisa. Nikahesabu kumi na nane. Tukahesabu tena wote wawili, zikawa kumi na nane, akaapa kwamba moja nimeitia mfukoni. Mabamba ya sakafu niliyakata kwenye tangi la juu la rejeta ya lori lililokufa. Mabomba manane ya kutolea moshi ni mirija myembamba ya friji. Kiti ni kopo la dagaa. Matairi ni raba ya kandambili niliyoibandika tabaka kwa tabaka, kisha nikaichonga ikiwa inazunguka kwenye drili. Mwavuli wa nyuma niliukata kwenye shela ya harusi ya mke wangu, na hilo lina kesi yake ambayo haijaisha.

Kazi ilikuwa kwenye viungo. Ukilehemu kiungo cha pili karibu na cha kwanza, moto unasafiri kwenye bomba na cha kwanza kinaachia. Nimeona kazi ya wiki tatu ikilala chali ghafla kama mbuzi aliyefungwa miguu. Ikabidi nichukue ubao wa mninga, nipigilie misumari ya kuyashika mabomba yasicheze, na kila kiungo kilichokwisha nikivishe kitambaa kibichi kabla sijausogeza moto kwa jirani yake. Ilinichukua miaka mitatu, Jumapili mchana baada ya kanisa. Viungo ni sabini na vinne. Nilivihesabu kutoka mbele, nikavihesabu kutoka nyuma.

Halafu mwanangu akapata mchumba, binti wa Bahi.

Kabla ya mambo ya mahari, upande wao walikuja kuona nyumba. Katika msafara alikuwemo mjomba wa binti, mtu wa minadani, ananunua ng'ombe huku anauza kule. Wenzake walikaa wakanywa soda. Yeye alisimama mbele ya kabati, mikono nyuma, kama mtu anayekagua fahali.

"Mkwe, hiki ni nini?"

"Gari."

"La kuchezea?"

Ningesema ndiyo, yangeisha. Ningesema ni bati, yangeisha. Lakini miaka mitatu, viungo sabini na vinne, na mtu amekunywa soda yangu ananiuliza kama ni la kuchezea.

"Mkwe," nikamwambia, "hilo hata ukiniletea ng'ombe wawili, nawarudisha wakasalimie wenzao."

"Wawili?"

"Tena mitamba."

Hakucheka. Alishusha kidevu mara moja tu, akarudi kukaa. Mimi niliyezeeka nikipatana bei, ninayejua kwamba mtu akiuliza bei halafu asicheke ana nia, nilimwongezea soda.

Siku ya mahari tulikwenda Bahi. Kwetu baba wa kijana anakaa, hasemi. Mdomo ni wa mshenga, na alichokisema mshenga kimesemwa. Mshenga wetu alikuwa jirani yangu, mwalimu mstaafu, mtu wa Kiswahili kirefu ambaye hajawahi kununua hata nyanya bila kuibiwa. Kumwachia mtu wa namna hiyo mifugo yangu kulininyima usingizi, kwa hiyo tulipanga siri. Nikikohoa mara moja, apunguze. Nikikohoa mara mbili, akubali.

Mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Walianza na ng'ombe kumi na wanane. Nikakohoa. Mwalimu akaeleza hali ya mvua. Wakaja kumi na sita. Nikakohoa. Akaeleza hali ya malisho. Bibi mmoja wa upande wao akanihurumia, akaniletea togwa. Tulipofika kumi nilikohoa mara mbili, mwalimu akakubali, akina mama wakapiga vigelegele. Nilijiona mwamba. Nilihesabu wale wanane niliowaokoa, nikawahesabu tena.

Ndipo mjomba akasimama. Mjomba ana fungu lake na kila mtu anajua.

"Fungu langu ni ng'ombe wawili," akasema. "Lakini naona mkwe amechoka, na kifua chake si kizuri. Nitamsaidia. Kule kwake kuna kigari cha shaba. Mwenyewe aliniambia kwa mdomo wake kwamba kinalingana na mitamba miwili. Mimi sibishani na bei ya mwenye mali. Anipe hicho, ng'ombe abaki nao."

Nilikuwa na togwa mdomoni. Nikapaliwa. Nilikohoa mara nne au tano, machozi yakanitoka, na mwalimu, ambaye aliacha kuhesabu baada ya mbili, akainua mkono.

"Upande wetu umepokea kwa shukrani," akasema. "Gari ni lenu."

Nilimtazama. Alinitabasamia kama mtu aliyefaulisha darasa zima.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka sauti yangu tu, maana ilikuwa kubwa kuliko chumba. "Gari haliendi popote. Ng'ombe wawili nitatoa."

Mzee wao mmoja, aliyekuwa amesinzia, akafungua jicho.

"Nani amesema?"

"Mwenye kijana amesema," wakamjibu.

"Ana mdomo?"

"Anao, mzee. Tumeusikia."

"Basi mbuzi," akasema, akalifunga jicho.

Ikaandikwa. Ng'ombe kumi, na wawili, na mbuzi mmoja wa faini. Mjomba alinipa mkono kwa heshima zote. Kiganja chake kilikuwa kikavu. Changu kilikuwa kimelowa, na najua aliliona hilo kama mimi ninavyoliona kwa wateja wangu.

Njiani mwalimu ndiye aliyekuwa na kinyongo.

"Nimekuokolea ng'ombe wawili, umewatupa barabarani."

"Umeniuzia gari langu."

"Ulikohoa."

"Nilipaliwa, mwalimu."

"Basi tungepanga kikohozi cha kupaliwa," akasema, akageukia dirishani.

Sikusema naye wiki mbili. Mjomba nilimchukia kwa mpangilio mzuri zaidi, asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya kazi. Nilimwona mwizi, kisha nikakumbuka kwamba hakuiba kitu, alinukuu bei yangu tu. Hapo nilizidi kukasirika. Mtu aliyekuibia unaweza kumsema kwa watu. Aliyekuamini ulivyosema, utamshitaki kwa nani? Mke wangu alisema neno moja siku ile tuliporudi: "Umelinunua." Akaenda jikoni. Mitamba miwili niliyoiongeza alikuwa ameipangia kazi nyingine, na shela yake nayo bado ilikuwa na tundu.

Harusi ikapita. Binti akaja kuishi kwetu kwa muda wakati mwanangu akimalizia nyumba yao kule Chamwino. Ni binti wa heshima, shikamoo haisahau, na mikono yake ni myepesi. Jumamosi alikuwa akifuta vumbi sebuleni, na kabati alilifuta kioo tu, mlango hakuufungua. Nililiona hilo nikamsifu moyoni.

Jumamosi moja alisimama na kitambaa mkononi.

"Baba, naomba kuuliza."

"Uliza, mwanangu."

"Nasikia kwetu walianza na kumi na wanane."

"Walianza hapo."

"Mkashusha mpaka kumi."

"Ndiyo mila yenyewe. Hata wao walijua tutashusha. Tusingeshusha wangetuona wajinga."

"Najua, baba. Hata mjomba alisema hivyo." Akaligusa kioo kwa kidole. "Na hili walitaja wawili. Mlishusha mpaka wangapi?"

Nje kulikuwa na mtu anapiga honi ya bodaboda. Nilimsubiri amalize. Alipomaliza, swali lilikuwa bado limesimama palepale na kitambaa chake.

"Wawili," nikasema.

"Na mbuzi."

"Na mbuzi."

"Haya," akasema, akaendelea na meza.

Nilikwenda karakana yangu ya uani nikiwa nimewaka. Kwanza nilimkasirikia yeye. Ndani ya nyumba yangu, anahesabu ng'ombe wangu. Nikachukua tangi la rejeta, nikaanza kulinyoosha kwa nyundo, na kila nyundo ilikuwa na hesabu yake. Kumi na wanane, toa kumi, wanane. Kwa ajili ya wanane hao nilikohoa mpaka bibi wa watu akaniletea togwa. Kwa gari sikupunguza hata kwato. Nilisimama mbele za wazee nikapandisha bei mwenyewe, mimi ambaye nikiuziwa antena kumi na nane kwa jina la kumi na tisa naweza kugombana mpaka jua lizame. Nilihesabu tena kutoka nyuma. Jibu lilikuwa lilelile. Lile tangi nililiharibu.

Jioni nilifungua kabati, nikalitoa gari, nikaliweka mbele yake mezani.

"Lichukue," nikamwambia. "Mkaliweke kwenu Chamwino."

Alilitazama kwa makini, kuanzia vigurudumu vya mbele mpaka mwavuli wa shela.

"La nini, baba?" akasema. "Halibebi hata debe la maji." Akalirudisha kabatini mwenyewe, kwa mikono miwili, polepole, asishike bomba hata moja. Alilishika kwa matairi. Sikuwa nimemfundisha hilo.

Mjomba anakuja bado. Ni mkwe, siwezi kumfungia mlango, na akipita Dodoma kwa shughuli zake za minada hakosi kuingia. Mara ya mwisho alisimama palepale, mikono nyuma.

"Mkwe," akasema, "bado ni wawili?"

"Ni bati hilo," nikamwambia. "Kaa, chai inapoa."

Binti alikuwa anaingia na birika. Akaiweka mezani, akapiga goti kumwamkia mjomba wake, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamtajia bei ya mchele, "Ni wawili na mbuzi, mjomba. Na hapunguzi."

Mjomba akanigeukia. Nilikohoa mara moja. Binti alinitazama, akaanza kumimina chai.