Nyumba Tano Zisizoonana

Mimi ndiye niliyezaliwa kwenye majani chai, lakini yeye, msichana aliyekulia kwenye flati mjini Nakuru, ndiye aliyejua kuficha nyumba ndani ya chai hiyo. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Tulikuwa tumemaliza chuo kikuu pamoja, tukachukuliwa kwa majaribio na msanifu majengo mmoja wa Kericho. Kazi ya kudumu ilikuwa moja tu, na bosi hakutuficha. Marafiki watano waliostaafu walikuwa wamenunua mteremko wa chai karibu na Kapkatet. Walitaka nyumba tano za kisasa, kila mmoja aone bonde na asionwe na mwenzake. Kila mmoja wetu achore mpango wake. Mpango utakaokubaliwa, mwenyewe atabaki.

Nilizungushia kila nyumba ua wa miti mirefu ya saiprasi, nikajiona nimemaliza. Tangu chuoni nilikuwa nikibisha kwamba faragha ni ugonjwa wa wenye pesa, kwa hivyo sikuona sababu ya kuifikiria sana. Yeye alienda kule siku ya kuchuma, akasimama katikati ya wachumaji, akatazama kile wanachokiona. Chai hufika kiunoni tu, haifichi mtu. Basi akazishusha nyumba kwenye mteremko: ukuta wa nyuma ndani ya udongo, bila dirisha, paa karibu sawa na chai ya upande wa juu, mbele kote vioo kuelekea bondeni. Mchumaji akipita, au jirani wa juu akitazama, macho yake yanapita juu ya paa na kwenda zake.

Nilipouona mchoro wake nilitafuta kosa. Maji ya mvua? Alikuwa ameyawekea mtaro. Unyevu? Ukuta ulikuwa maradufu. Nikaanza kuchukia hata mwandiko wake.

Siku ya kuonyesha kazi, wale watano walimtanguliza mmoja wao, mjane aliyekuwa mwalimu mkuu. Wote tulimwita Mwalimu. Alianza na saiprasi zangu.

"Kijana, hii ni nyumba ama boma la ng'ombe? Sasa bonde nitaliona wapi, kwa picha?"

Wenzake wakacheka. Alipofika kwenye mchoro wa pili alivaa miwani, akaanza kufuata mistari kwa kidole. Nilijua nimekwisha. Nikauliza kwa sauti ya mtu mwenye huruma:

"Mwalimu, na ukianguka huko ndani peke yako, nani atajua?"

Kidole kikasimama.

"Hapo umeuliza neno," alisema. "Kwangu jirani huangalia moshi. Asipouona asubuhi, anakuja akipiga kelele, 'Wewe mama, umekufa ama umelala?'"

Wazee wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na mimi nikaegemea kiti. Mwenzangu alichukua penseli.

"Basi jiko la kuni tuliweke upande wa juu, Mwalimu. Bomba la moshi litokeze juu ya chai. Watu wasikuone wewe, waone moshi wako."

Mwalimu alipiga meza kwa kiganja. "Ati huyu ni wa Nakuru? Haiwezekani!"

Moshi ule ulikuwa wa kwetu. Utoto wangu wote, huko Bomet, niliutazama ukitoka jikoni kwa mama, na sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kuchorwa. Nilikuwa nimeuliza swali lile ili limwangushe. Yeye akalijengea bomba.

Akapata kazi. Mimi niliachwa nimalizie michoro, na bosi akanipa hayo mabomba. Niliyachora kwa uangalifu ambao sikuwa nimeutumia kwenye mpango wangu mwenyewe. Mwalimu aliporudi kuyatazama, aliuliza nani ameyachora.

"Ni yeye," mwenzangu alisema, akinionyesha. "Hata lile swali lilikuwa lake."

Afadhali angenyamaza. Mwalimu alinishika mkono, akauliza kama nitakuwepo wakianza kujenga. Nilimwangalia bosi. Bosi alikuwa akitafuta kifuniko cha kalamu yake.

"Atakuwepo, Mwalimu," mwenzangu alijibu.

Bosi akaitikia kwa kichwa. Hivyo ndivyo nilivyobaki katika ofisi ile: kwa neno la mwenzangu.